Magoti ya Damalie

"Mama Mkubwa, nakuomba, ruka mahakama!"

Noeline, achia gauni langu, utaichana gomesi hii. Siruki. Wote waliomo kanisani humu wanaijua kesi ya mama yako, tena wanaijua vibaya.

Marehemu Damalie, mdogo wangu, alizaliwa Masaka tarehe 3 Mei 1931, siku iliyonyesha mvua ya samaki. Msicheke, mmoja alinifuata mpaka jikoni. Alisoma kwa masista hadi darasa la nne, akanipita mimi kwa madarasa manne. Mwaka 1954 aliolewa na Samwiri, karani wa pamba, ambaye sasa ni marehemu. Mwaka 1973 alikimbilia Stockholm, amemshika mkono Noeline, wakati ule msichana wa miaka kumi na mitatu.

Hapa alifanya kazi za nyumbani kwa Bibi Silverkrans, mke wa tajiri. Mzee mmoja, mgeni wa karamu zao, alijua kwamba bibi huyo alizaa kabla ya ndoa, akawa anamtisha: nilipe, ama mumeo atajua. Novemba 1981 wakafikishana mahakamani. Shahidi wa bibi alikuwa Damalie, aliyemfungulia mzee mlango na kusikia vitisho kwa masikio yake.

Damalie akapita mbele ya mshtakiwa. Akaona mvi. Akapiga magoti, akamwamkia, kama mama alivyotufunza kuwaamkia wazee.

Wakili wa mzee akadakia: "Nani humpigia magoti mtu mbaya? Shahidi huyu hakusikia kitisho chochote!"

Mzee akaachiwa. Bibi akaamini Damalie amenunuliwa, akamfukuza.

Na sisi? Jumapili ile, kwenye benchi lake humu kanisani, alikaa peke yake. Maana ya magoti yale tuliijua, tukanyamaza, tukiona aibu mbele ya Wazungu. Ladislaus, nawe ulikuwemo humu siku ile, usiinamishe kichwa. Kwenu Bukoba hampigi magoti? Nawe Noeline uliapa hutampigia mtu magoti tena, hata mimi.

Mwaka 1984 moyo ulianza kumsumbua. Kule hospitali ya Flemingsberg, daktari mwenye mvi akiingia, Damalie alitaka kushuka kitandani amwamkie. Tulimshika kwa nguvu. Alituaga tarehe 12 Februari 1986.

Ameacha binti yake Noeline, wajukuu wawili wanaonijibu Kiswidi, na dada mmoja mwongo ambaye leo, ukitoa wale samaki, hakutia chumvi. Mdogo wangu, pumzika kwa heshima ile tuliyokunyi...

Nani huyo mlangoni? Bibi Silverkrans! Kazeeka, na fimbo. Songeni, mpeni nafa... Noeline? Mwanangu, sakafu ni baridi, magoti yako...