Diski Iliyovaa Koti: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Inacheza

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa kumi kamili jioni, Mama Inacheza atazima mashine zake, atafunga chumba cha kunakilia na kumkabidhi meneja ufunguo. Atakuwa ameitumikia studio yetu ya picha na video kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye msimamizi wa lebo na maandishi, na kwa sababu, kama alivyosema meneja, ninajua kuweka nukta mahali pake. Nimekubali kwa moyo mmoja. Hata hivyo, lazima nikiri mapema kwamba nimefanya kazi mlango wa pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, na hadi wiki iliyopita sikuwa nimeelewa sawasawa anachokifanya. Wiki hii ninaelewa zaidi kidogo, na nimechanganyikiwa zaidi.

Jina lake la kazini lilitoka kwenye simu. Mteja aliyeleta video ya harusi au ya ubatizo hakupiga simu kuulizia bei wala saa za kufungua. Aliuliza neno moja tu: "Inacheza?" Naye alijibu, "Inacheza, baba," au "Inacheza, mwanangu," na kama hakuwa na hakika alisema, "Sijui bado, nipigie kesho." Sijawahi kumsikia mtu mwingine katika jengo hili akimwambia mteja kwamba hajui. Sisi wengine tusiyoyajua ni mengi kuliko yake, lakini hatusemi.

Aliajiriwa mwezi wa Julai kurudisha kanda nyuma. Hiyo ilikuwa kazi kamili wakati huo: kanda zilirudi zikiwa zimeishia katikati, naye alizirudisha mwanzo, moja baada ya nyingine, siku nzima. Baadaye akapewa kunakili kanda, kisha zikaja diski, akapewa diski. Mpaka hapo kila mtu alielewa. Kisha zikaja kamera za ubora wa juu, na tangu siku hiyo studio nzima imo gizani, isipokuwa chumba chake.

Picha zilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nyuzi katika shela ya bibi harusi. Tatizo ni kwamba diski ikichezwa kwenye kompyuta ya mhariri wetu wa video, harusi ilimeremeta. Mteja akiipeleka nyumbani, deki yake ilinguruma kidogo na kudai kwamba haioni diski yoyote. Diski ni hiyo hiyo. Nilimwomba Mama Inacheza anieleze. Yeye huniita Mwalimu kwa sababu ya nukta zangu. Akasema, "Mwalimu, kompyuta ina meno. Deki ya nyumbani ni kibogoyo. Kibogoyo humpi muwa mzima, unamkamulia maji yake." Nilishukuru na kurudi ofisini kwangu. Nilielewa habari ya muwa. Habari ya diski iliniponyoka, nami nikaona aibu kurudi kuuliza.

Meneja naye alikuwa na mkanganyiko wake. Diski tupu huja za aina mbili, moja ina alama ya kujumlisha na nyingine ina alama ya kutoa, na deki nyingi za zamani huikubali moja na kuikataa nyingine. Meneja alipoagiza shehena alichagua zote za kujumlisha, akisema kwamba hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayenunua za kutoa. Zimejaa katika kabati la stoo hadi leo. Mama Inacheza hakubishana naye. Alizitumia kuwekea vikombe vya chai, na hakuna meza iliyopata alama ya maji tangu wakati huo.

Siri ya kazi yake ni deki moja kuukuu iliyo mezani kwake, nyeusi, isiyo na kitufe cha kufungulia, ambayo trei yake hutolewa kwa ncha ya kalamu. Ameipa jina la Bibi. Aliinunua pamoja na nyingine iliyo sawa nayo, akaipeleka hiyo ya pili kwa mama yake mzazi. Hakuna diski iliyotoka chumbani kwake kabla ya kuchezwa kwa Bibi, nayo ilichezwa yote. Harusi ya saa tatu aliitazama kwa saa tatu. Meneja alipomshauri ajaribu dakika tano za mwanzo tu, alijibu kwamba diski, kama kitambaa, huanza kuharibika ukingoni, na kwa kuwa diski huandikwa kutoka katikati, ukingo wake ndio mwisho wa sherehe. Ikimaliza salama, aliandika juu yake, kwa kalamu ya wino usiofutika, neno moja: Inacheza.

Kabla ya kupokea kazi alimuuliza kila mteja, "Utaitazamia wapi?" Wengine waliudhika. Fundi cherehani mmoja aliyeleta harusi ya binti yake alimwambia, "Mimi nimekuletea harusi, wewe unaniulizia televisheni yangu!" Alitaka saa zote sita ziingie katika diski moja. Akaambiwa, "Mzee wangu, magunia mawili hayaingii mfukoni hata yakiombewa." Akapewa diski tatu. Kesho yake alirudi akiwa na deki kwapani na hasira usoni, kwa kuwa alikuwa amezipanga zote tatu kwenye trei kwa pamoja ili harusi iende bila kukatika. Mama Inacheza alizitoa polepole, akazipiga namba, na kwenye kila moja akaongeza maneno "moja moja". Maneno hayo yamebaki katika kazi zetu zote za diski zaidi ya moja. Fundi huyo ndiye aliyemshonea gauni atakalolivaa Ijumaa.

Sasa niingie katika jambo la mwezi huu, ambalo limeutikisa uongozi wa studio.

Mama yake mzazi ana umri wa miaka themanini na minne. Macho yake yanazidi kuingia ukungu, na daktari hakutoa ahadi yoyote. Kila jioni kwa miaka thelathini na mmoja amemuuliza binti yake swali moja: hivi huko kazini unafanya nini? Binti alijaribu kueleza. Alisema, "Nahamisha harusi, mama." Mama akauliza, "Harusi zinahamia wapi?" Walikomea hapo.

Haya yote tuliyajua kwa dada wa mapokezi, ambaye ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Meneja alipopendekeza zawadi ya saa ya ukutani, dada huyo alisema, "Saa ya nini? Mpeni mama yake jibu, na mlitoe sasa, bado anaona." Ikaamuliwa kwamba mhariri wa video amrekodi Mama Inacheza akiwa kazini, kwa kisingizio cha kujaribu kamera mpya, na kwamba diski itengenezwe bila yeye kujua. Mgeni wa heshima haingii jikoni.

Mhariri alipata dakika arobaini nzuri sana. Kazi ya kuziweka kwenye diski alidhani ni ya asubuhi moja. Hatukuweza kumtumia Bibi, kwa kuwa mwenyewe hukaa mbele yake kutwa nzima; ikabidi kila jaribio lifanywe nyumbani kwa mama mzee, dada wa mapokezi akipeleka na kurudisha.

Diski ya kwanza deki ya mama haikuiona kabisa. "Kwangu inacheza!" alilalamika mhariri, kana kwamba mtu amemwita mwongo. Alikuwa amempa kibogoyo muwa mzima. Ya pili aliikamua vizuri, lakini alichukua diski kutoka katika lile kabati la meneja. Ya tatu ilileta picha bila sauti, na mama mzee akauliza kwa wasiwasi, "Mbona mwanangu amekuwa bubu?" Ya nne haikufungwa. Inaonekana kwamba diski ikishaandikwa lazima pia ifungwe kwa amri maalumu, la sivyo huchezwa na mashine iliyoiandika peke yake. Sijui kwa nini mashine isiifunge yenyewe. Nimeuliza, nikaangaliwa.

Kwa diski ya tano mhariri hakutaka mchezo. Aliazima deki ya zamani, akaijaribu usiku na mchana, ikacheza. Ndipo akaniletea, nami, badala ya kumwachia Mama Inacheza aibandike kama siku zote, nikaivika kwa mkono wangu lebo yangu ya karatasi ya gundi, ya duara, yenye maneno ishirini na matatu, alama zote zikiwa mahali pake. Ilikwenda kwa mama mzee siku ya Jumatatu. Deki iliizungusha, ikatetemeka, ikaitema. Mhariri aliposikia alikaa chini. "Jana imecheza. Leo imekataa. Imeona nini?"

Dada wa mapokezi aliiweka kaunta akaenda kupokea simu. Mama Inacheza alipita na kikombe chake cha chai. Aliichukua ile diski. Akaisoma lebo yote, ambayo ilitaja jina lake, miaka yake na utumishi wake uliotukuka. Akaitia kidole kwenye tundu, akaipima uzito kama apimaye embe, akasema, "Iko vizuri. Ila imevaa koti." Kisha akaenda zake na chai yake, kama mtu ambaye hajasoma chochote.

Mimi sikuelewa. Mhariri alielewa, akashika kichwa. Alinieleza kwa sauti ya kuleta habari za msiba kwamba karatasi ikibandikwa juu ya diski huiongezea uzito upande mmoja, hupata joto na kujikunja, na kwamba deki mpya huvumilia lakini za zamani hukataa. Nikamuuliza: na lebo zangu za miaka kumi na tisa? Alinipeleka kwenye rafu ya kazi zinazosubiri wenyewe, akafungua kasha moja, la pili, la kumi. Lebo zangu zote zilikuwemo, zimebandikwa kwa unyoofu ndani ya kifuniko. Diski zilikuwa wazi, na juu yake neno moja kwa mwandiko wa Mama Inacheza. Niliwahi kuuona mwandiko huo nikadhani ni wa diski za majaribio. Nilikuwa sijafungua kasha hata moja.

Nikakumbuka wiki yangu ya kwanza hapa. Alikuja mlangoni na lebo mkononi, akasema, "Mwalimu, lebo nzuri namna hii ikizunguka, nani ataisoma? Tuitafutie mahali itulie." Nilijibu, "Sawasawa." Niliyachukua maneno hayo kama sifa, na nimeishi nayo vizuri. Sasa sijui kama zilikuwa sifa au huruma. Katika miaka yote hiyo hakuna kazi yake iliyoharibika kwa sababu yangu, na hakuna siku niliyoambiwa kwamba ingeweza.

Diski ya sita ilikwenda bila koti. Jumatano jioni, Mama Inacheza akiwa bado kazini mbele ya Bibi, tuliipeleka watatu: mhariri, dada wa mapokezi na mimi. Mama mzee aliketi karibu na kioo cha televisheni, goti likigusa meza. Ilicheza. Alimwona binti yake akifungua trei kwa ncha ya kalamu, akiketi, akitazama harusi ya watu asiowajua, akinywa chai, akitazama, akifuta miwani, akitazama. Ilipokwisha alitugeukia. "Kumbe miaka yote hii analipwa kutazama televisheni!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, "Na kila moja anakaa mpaka mwisho?" Dada wa mapokezi akamjibu, "Kila moja, bibi. Mpaka mwisho."

Aliufikiria mwisho huo. "Basi ndiyo maana alikuwa akichelewa," akasema. "Irudisheni mwanzo."

Alikataa kuturudishia ile diski. Ndiyo sababu ile itakayokabidhiwa Ijumaa ni ya saba. Mhariri ameitazama yote kwenye ile deki ya kuazima, bila kuruka, nami nilikaa naye. Wenzangu, mhusika atakapoipokea na kuonyesha mshangao mkubwa, naomba mshangao huo uheshimiwe. Anafahamu kila kitu, isipokuwa kwamba mama yake ameshapata jibu.

Mama Inacheza, studio inakushukuru kwa kanda ulizorudisha nyuma, kwa harusi ulizozihamisha, kwa wateja uliowaambia kwamba hujui, na kwa yale uliyoyajua ukayatunza kimya ili mwenzako asiaibike. Bibi ni wako, mchukue. Hapa hakuna atakayeelewana naye. Tunakuombea siku tulivu, macho mazima, na jioni za kuwahi nyumbani.

Lebo iko ndani ya kifuniko, mahali ilipotulia. Juu ya diski yenyewe nimeandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya wino usiofutika: Inacheza.