Langilangi la Wifi Zaina

Ua la langilangi mnaloliona kwenye vitambaa vyangu, lililotupatia jina kuanzia hapa Bagamoyo mpaka Msata, si langu, wanangu. Nililiiba uani kwa wifi yangu Zaina, dada wa marehemu baba yenu. Sogeeni, Shamsudin, Adila, na wewe Mgeni weka hiyo simu, sauti yangu leo haifiki mbali.

Mnajua kila kibao cha kupigia chapa vitambaa nilichochonga, sura yake imetoka bustanini hapa: mrehani, asumini, hata jani la mpapai lililong'atwa na mbuzi nikalichonga na pengo lake. Mlangilangi sikuwa nao. Basi nilikwenda kumjulia hali Zaina, alipoingia jikoni kunitilia chai nikachuma ua, nikalificha ndani ya mtandio, nikaaga hata chai haijapoa. Watu wakalipenda. Wageni waliokuja kutazama bustani wakiniuliza mti uko wapi, nikawaambia umekufa kwa jua, tena nimefunga Ramadhani, Mola anisamehe. Zaina akaja kuliona kwenye sare za harusi yako, Adila. Tangu siku hiyo akaacha kuja. Nami nikawaambia shangazi yenu ana majivuno, mkaacha kumwamkia. Hilo ndilo linalonikaba kuliko ua.

Juzi, baada ya swala ya Ijumaa, nikasikia hodi.

"Mwizi yumo?"

"Yumo, mwenye mali. Karibu."

Akaingia na mkongojo wake, akaizunguka bustani yote, akanusa kila kitu, akafika chumba cha chapa, akatazama kitambaa kilichoanikwa, mara akaangua kicheko mpaka akatafuta pa kukaa. "Wifi, hata kuiba hujui! Langilangi huning'inia, linatazama chini. Wewe umelisimamisha kama tarumbeta! Miaka yote hii unawavisha watu maua kichwa chini miguu juu!" Kweli, wanangu, ua lile nililiona kiganjani tu, mtini sikuthubutu kulitazama, kwa haraka ya mwizi. Akatwaa kibao, akakigeuza, akakichovya rangi, akapiga. Likaning'inia. Tukacheka, vikongwe wawili, hata maumivu ya kifua nikayasahau.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Yangu nimekupa. Ila wanao umewafumba macho mwenyewe, wafumbue mwenyewe."

Basi shikeni. Nyumba na kiwanja mtagawana kwa sheria ya mirathi, na Mgeni asidhulumiwe kwa kuwa mdogo. Vibao vyote, na mitungi ya rangi, havifiki theluthi ya mali yangu ninayoruhusiwa kuusia, hivyo namwusia Zaina, aendelee kupigia chapa humu humu, na wewe Adila ujifunze kwake. Bustani naomba msiing'oe. Shamsudin, usinitazame hivyo, nimekuona ukiipima kwa hatua. Unataka fremu za maduka, zijenge upande wa barabarani, nafasi ipo.

Nipeni maji... Alhamdulillahi. Nimefurahi, msilie. Mungu awape mikono yenye kazi na vifua visivyoweka kinyongo, awape watoto wa kuwachekesha uzeeni... awape... mnajua mengine, mimi pumzi zinanikatika.

Zaina yuko barazani tangu asubuhi. Hataki kuingia mpaka aitwe na ninyi. Nendeni wote watatu, mkampe shikamoo, mniletee.