Colombe M'Bulonza na Vitabu Vyake vya Miguu

Haya yatakayosomwa leo Alhamisi yalisimuliwa kwanza na Maman Georgette M'Birindwa, mama mdogo wa marehemu, Jumatano tarehe 13 Agosti 1958, alasiri, akiwa ameketi mlangoni pa nyumba ya marehemu hapa Kadutu, mjini Bukavu, na familia ikayaandika kama alivyoyasema, ikaongeza tarehe pamoja na mambo ya miaka miwili ya mwisho ambayo yeye hakuyaona. Waombolezaji wanaombwa kukaa kimya hadi mwisho, hata yule atakayesikia jina lake.

Colombe M'Bulonza alizaliwa Lwiro tarehe 3 Machi 1921, mtoto wa mzee Bulonza, mkulima wa ndizi na maharage, na wa mama Adolphine, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma kwa masista tangu mwaka 1929 hadi 1935, akajua kusoma, kuandika, kushona na kuchora, na masista walimsifu kwa mkono wake mtulivu, ila walimkaripia kwa sababu wakati wa mahubiri alikuwa akichora miguu ya watu waliopiga magoti mbele yake.

Mwaka 1938 alishuka mjini, wakati Bukavu ingali inaitwa Costermansville, na tarehe 2 Mei 1940 akaajiriwa katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu, kazi yake kukunja karatasi na kushona migongo ya katekisimu na vitabu vya hesabu, kazi aliyoifanya bila lawama hadi ugonjwa ulipomtoa. Vipande vya karatasi vilivyokatwa pembeni aliruhusiwa kuvibeba nyumbani, na hilo lisemwe mapema, kwa maana wako waliosema kwamba aliviiba.

Tarehe 9 Januari 1943 alifunga ndoa na Venant Mugaruka, dereva wa lori. Mtoto wao wa kwanza hakuishi, wa pili ni Virginie, aliyezaliwa hapa mjini tarehe 11 Novemba 1946, na kuanzia hapo maisha ya Colombe hayawezi kusimuliwa bila ya mtoto huyo.

Virginie alichelewa kusema, na aliposema alirudisha maneno aliyoambiwa, yaleyale, kwa sauti ileile. Mvua kwenye mabati ilimliza, kengele ilimwangusha chini, na mtu mkubwa alipoingia hakutoa mikono miwili na kuinama kama mtoto wa kwetu anavyopaswa, bali alitazama sakafu na kuziba masikio. Hapa Kadutu mtoto asiyesalimia ni tusi kwa mgeni na aibu kwa mama, na watu hawakukosa la kusema. "Maman Colombe, huyu mutoto iko na kiburi, umuchape kidogo, ataitika." Wengine hawakungoja mama achape, walichapa wenyewe, katika nyumba yake, wakiwa wamekaa kwenye kiti chake. Colombe, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliwajibu jibu moja tu: "Si kiburi. Anasikia kupita sisi wote, ndiyo maana anaziba."

Yeye alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatukuliona, kwamba mtoto hamtazami mtu usoni, lakini anamjua kila mtu kwa miguu yake. Kwa hiyo, mwaka 1952, alishona kitabu cha kwanza, kidogo cha kutosha kiganjani, na ndani yake watu wote walichorwa kuanzia goti kwenda chini: Venant kwa viatu vyake vya kazi vyenye kamba moja, Maman Georgette, aliyeishi nao siku hizo, kwa vikuku vyake vya shaba vya mguuni. Chini ya picha aliandika: "Mtu mkubwa amekuja. Ninaona miguu yake. Ninatoa mikono yote miwili. Anaitika. Imekwisha, ninaweza kwenda." Walisoma asubuhi na jioni, na kabla ya Noeli Virginie alimsalimia Maman Georgette kwa mikono miwili, akiitazama shaba. Kikafuata kitabu cha mvua, cha soko, cha kunyolewa nywele, cha kumngoja mama arudi kazini.

Mwezi wa Septemba 1954 Virginie aliingia shule, shule ambayo haitatajwa mahali hapa pa kilio, akiwa na kitabu cha kengele mfukoni: "Kengele inalia. Inalia kidogo, kisha inanyamaza. Ninaweza kuziba masikio. Kengele haina hasira na mimi." Wiki za kwanza alikaa darasani, akaziba masikio, akafungua masikio, akaandika alfabeti yake vizuri kuliko wengi. Kisha directrice, mkuu wa shule, akataka kitabu hicho kiwekwe kwenye kabati, akisema mtoto anayeshika kitabu chake peke yake hatasoma cha wenzake, akakichukua kwa nguvu, na kengele ilipolia Virginie alipiga kelele mpaka madarasa yote yakatoka nje. Tarehe 18 Oktoba alirudishwa nyumbani kama mzigo uliokosewa anwani. Colombe alikwenda kukiomba kitabu, akaambiwa kimepotea.

Mwezi wa Julai 1955, Martine, dada yake Venant, alikuja kutembea, akakuta kitabu mezani, akakifungua, akaiona miguu yake mwenyewe, kisigino chake chenye ufa na viatu vyake vyekundu, bila kichwa juu. Kila mmoja wetu anajua watu wanafanya nini na nyayo za mtu wanayetaka kumwua, lakini Martine alikuwa amekula mkate wa nyumba ile miaka kumi na miwili, na angeweza kuuliza. Hakuuliza. Alitoka uani akapaza sauti: "Mukuje muone! Kisigino yangu iko humu! Colombe, nyayo yangu ulikuwa unapeleka wapi?" Majirani walikuja, wakafunua kurasa, kila mmoja akatafuta miguu yake, kila aliyeipata akarudi nyuma kana kwamba ameona nyoka, na vitabu vyote vikatupwa ndani ya mbabula iliyokuwa na makaa ya moto. Virginie aliingiza mkono kuvitoa. Hakuna aliyemzuia, mama yake alikuwa kazini, Maman Georgette sokoni. Ninyi mnaomlaumu leo kwamba anatoa mkono wa kushoto tu, tazameni kwanza huo wa kulia.

Venant hakumtetea mkewe mbele ya dada yake. Alisema, "Mimi nimechoka kuchekwa," na mwezi wa Desemba akaliendesha lori lake hadi Kamanyola, ambako ameanzisha nyumba nyingine.

Colombe alishona vitabu vyote upya. Mama wengine wa Kadutu wenye watoto wa namna hiyo, na hata mke mmoja wa mchimba dhahabu kutoka Mwenga, walimfuata awashonee, naye aliwashonea, akiuliza kwanza mtoto anaogopa nini. Waliingia kwa mlango wa nyuma, na Jumapili kanisani walikaa mbali naye.

Alianza kuugua figo mwezi wa Januari 1958, akalazwa hospitalini Mei, tena Julai. Alipojua kwamba hatapona, aliomba karatasi na sindano, akashona kitabu cha mwisho, cha mazishi. Tangu juzi tunasikia minong'ono: "Mama yake iko nalala pale, yeye hata chozi hapana, huyu ni mutoto wa mawe." Basi sikilizeni ukurasa wa tatu: "Watu wanalia kwa nguvu. Hawana hasira na mimi. Ninaweza kuziba masikio na kukaa karibu na mlango. Mama anajua kwamba ninampenda." Mtoto huyu anafanya kile alichoagizwa na mama yake, na katika nyumba hii ya kilio ni yeye pekee anayemtii marehemu.

Ukurasa wa mwisho unasema: "Baada ya mazishi ninarudi nyumbani. Ninatembea na huyu." Kuna miguu midogo miwili, na kando yake miguu mikubwa miwili, mitupu, bila kiatu, bila alama. Colombe aliwapa kitabu na penseli ndugu wote waliokuja kumwona hospitalini, upande wake na upande wa mume, akawaomba wajichore. Kila mmoja alisifu picha, akarudisha penseli. Baraza la ukoo lilikaa tarehe 27 Julai, likaamua kwamba mtoto apelekwe mahali wanapofungiwa wenye wazimu, na uamuzi huo ulipelekwa kitandani kwa mgonjwa, naye akageukia ukuta. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 1958, saa kumi alfajiri, ukurasa ukiwa mtupu.

Maman Georgette, aliyekuwa amerudi Kalehe tangu 1956 kumwuguza mumewe, hakutumiwa habari na mtu yeyote, alifika jana kumtembelea tu, akamkuta maiti. Hajui kuandika. Alipokwisha kusimulia haya aliomba penseli, akaweka kitabu juu ya goti, akachora vikuku vyake kwenye ile miguu mikubwa, kimoja kimoja. Uamuzi wa baraza umekwisha hapo, na asiyeridhika amwendee yeye.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, wenzake wa kiwanda waliolipia sanda na jeneza, na jirani Télesphore, ambaye juzi alizuia wapiga ngoma wasikae karibu na mlango.

Kati ya waliotajwa, directrice yu hai na bado anapiga kengele. Martine yu hai, yuko hapa, amevaa nyeusi. Venant yu hai, hajafika. Virginie yu hai, ana miaka kumi na mmoja, amekaa mlangoni akitazama chini, na Maman Georgette yu hai, amekwenda kusimama pale pale, amepandisha kitenge kidogo ili vikuku vyake vionekane. Colombe, ukurasa umejaa. Sasa pumzika.