Wacuka wa Skafu Zisizo na Ncha

Baada ya miaka kumi na saba ya kuwahudumia watu wa Kajiado na Kitengela, Sista Wacuka Mugo anastaafu tarehe 29 Juni 2007. Wakubwa wamemwambia aende akapumzike. Sisi tunaomjua tunacheka tu, maana mikono ile haijui kupumzika.

Alianza kazi Kajiado mjini mwaka wa 1990, katika wodi ya akina mama. Mwaka wa 1996 akaletwa kituo chetu cha Kitengela, wakati huo kikiwa na vyumba vichache na upepo mwingi kuliko dawa. Mimi Ruqia, wa mapokezi, nilimwona siku ya kwanza akitoa mfukoni spoki za baiskeli zilizochongwa ncha huku na huku, nikadhani anatafuta fundi. Kumbe ndizo sindano zake za kufumia!

Skafu ndefu hakuzitaka, kwa sababu ncha zake hutumbukia kwenye trei ya kusafishia vidonda. Alifuma za duara, za kupitishwa kichwani, na kuzipamba kwa mtindo wa kamba: vitanzi vichache vinangoja kwenye mrija wa biro, vingine vinatangulia, na usuko unajikunja wenyewe. Uzi alipata kwa kufumua sweta za mitumba. Ile ya kwanza aliiunganisha ikiwa imejipinda, asijue mpaka alipomaliza, ikatoka na umbo la nane. Githongo, dereva wetu, aliivaa hivyo hivyo miaka mingi na akakataa katakata kubadilishiwa.

Mimi ni mtu wa kroshia. Sindano moja yenye kulabu, kitanzi kimoja, basi. Ukikosea unavuta uzi na kuanza tena kabla chai haijapoa. Yeye vitanzi vyote viko hai kwenye sindano, na kimoja kikiponyoka kinateremka mpaka chini. Nilimwambia hiyo si hobi, ni presha. Naye akadai vitambaa vyangu vya makochi ni matundu matupu, upepo unapita humo bila kubisha hodi. Naserian wa maabara ndiye aliyekuwa mwamuzi, na siku zote alishinda aliyemletea mandazi. Wallahi, siku hizo nazikumbuka mpaka moyo unauma.

Julai 1999 mzaha ulikoma. Mama yake, kule Nyahururu, hali ilikuwa imezorota, na macho yalikuwa yamekwisha zamani. Rangi hazikumfaa tena, kwa hiyo Wacuka alimfumia skafu iliyojaa kamba, apate cha kushika kwa vidole. Ijumaa mchana, siku ya safari, akimalizia vitanzi vya mwisho, kimoja kilimtoroka kikateremka katikati ya kamba mbili mpaka mwanzo wa kazi. Kufumua yote na kuanza upya hakukuwezekana, na mama huenda asingengoja wiki nyingine. Sista aliyezalisha nusu ya watoto wa Kitengela bila kutetemeka aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akalia.

Niliogopa. Nikaichukua skafu, nikaigeuza upande wa ndani, nikaingiza kulabu yangu ya kroshia na kupandisha kile kitanzi ngazi kwa ngazi hadi juu. Alinikumbatia, akakimbilia stendi.

Mama alizikwa mwezi uliofuata. Wacuka hakuisimulia safari ile, nami sikuuliza, mfiwa hachokonolewi. Ni wiki jana tu, tukipanga vitu vyake kwenye katoni, ndipo alipofungua moyo. Mama alivalishwa skafu, akaipapasa yote, kamba baada ya kamba, kisha vidole vikasimama mahali fulani. Akasema hapa kuna mkono mwingine, ni wa nani? Wacuka akamjibu kwamba ni wa dada yake, Ruqia. Basi mama yule, asiyeijua hata sauti yangu, akawa ananitaja kila jioni katika maombi, jina langu likifuata la bintiye, mpaka alipofumba kinywa.

Asante, Sista, kwa kila mtoto uliyempokea na kila shingo uliyoipasha joto. Kituo kizima kinakuombea siku ndefu, afya, na vidole visivyouma. Nami nina ombi moja tu. Ukifika Nyahururu, pita kaburini, umsalimie mama yetu.