Motere Yenye Haikohoe: Papa Henri Kataliko (1961–2021)

Wapendwa, kabla udongo haujamufunika kaka yangu, mimi dada yake Mbambu nisome maisha yake. Muliniomba niseme mazuri tu. Mazuri yako, yatafika.

Papa Henri Kataliko alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1961. Alisoma huko mpaka mwaka wa nne wa sekondari, akaacha kwa sababu mwalimu alimukataza kubisha.

Mu 1984 alihamia hapa Mushaki, akafungua garaji. Mukono wake ulikuwa muzuri, hakuna mwenye atakana. Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa kanisani na Mama Kavuo, mwenye alivumilia harufu ya esanse, petroli ya garaji, mu mashuka mpaka juzi.

Mu 2016 kaka ya Mama Kavuo alimupatia dada yake jeep ya kisasa, ya enjeksio. Marehemu alitoa motere yake, akaiuzia Édouard, muuza samaki wa Bweremana, akaweka ingine kuukuu ya karburateri, ile ya kuchanganya esanse na upepo. Alisema: "Motere yenye haikohoe, utajua namna gani iko mugonjwa?" Tulicheka sisi wote, wajinga.

Édouard, muntu wa haki, alimuelezea: "Papa Henri, na baridi hii ya asubuhi karburateri inamwanga esanse ovyo. Esanse inaosha mafuta mu silindre, chuma inakula chuma. Enjeksio inapima kila tone, njo maana inadumu." Marehemu alimujibu aende kuuza samaki.

Tarehe 3 Juni 2021 ugonjwa wa ngiri ulimukaza tumbo. Muganga akasema hospitali ya Goma, sasa hivi. Édouard, mwenye alikuwa hapa sokoni, akaleta gari yake, yenye ile motere aliuziwa. Marehemu akakataa: "Nibebwe na kitu yenye nilitupa? Mbele ya watu? Guylain, washa yetu!"

Mutoto wake akawasha. Kwa kilima cha kwanza motere ikatoa moshi, ikazimika, silindre zilikuwa zimelika. Marehemu akaamuru karburateri ifunguliwe, ipulizwe. Kavuo alilia: "Henri, Édouard iko nyuma yetu, tuhamie mu gari yake!" Akajibu: "Puliza tena." Njo neno lake la mwisho. Édouard alituletea maiti.

Ameacha mujane Kavuo, watoto Guylain na Aimée, na mimi mwenye hasira.

Guylain, mutoto wa kaka, jana kwenye kilio nilikuona unasafisha ile karburateri, na sasa iko mu mufuko wako. Mama yako iko na ugonjwa wa sukari, na njia ya Goma ni ile ile. Kama unaitaka sana, shuka nayo, shimo bado liko wazi. Kama unamutaka mama yako, itupe humo. Halafu tutamuombea baba yako pumziko.