Jiko la Mama Mkwe

Mama Pacha alikuwa anasuuza vikombe kwenye ndoo, mikono imezama hadi viwikoni, gari la matangazo lilipokata kona likinguruma. Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemezwa kwenye ukuta wake wa mbele, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wateja watatu ambao hata mvua haiwahamishi: Dalali wa vyumba, fundi umeme aitwaye Waya, na Mstaafu, aliyekuwa karani wa halmashauri na mpaka leo hajakubali kwamba aliacha kazi. Nyuma ya nyumba, limeshikana na ukuta wa sebule, lilisimama boma la Mama Pacha, limefika kwenye linta juu ya madirisha, linangoja bati. Alikuwa anamjengea mama wa marehemu mumewe, aliyepanga chumba mtaa wa pili, na mwenye chumba anakitaka chake mwisho wa mwezi.

— Kila nyumba mpya, gari likapaza sauti, iwe kubwa, iwe ndogo, itatozwa ada ya kujengea madarasa!

Waya akapaliwa na kahawa.

— Hata nyumba ndogo?

— We tulia, Dalali akamcheka. Wanamaanisha za matofali. Ya kwako wataitozaje, na wewe mwenyewe unaikana?

— Siikani. Sina!

— Mbona umepaliwa?

Mama Pacha hakucheka. Alisimama na kikombe kinachochuruzika maji mkononi.

— Na langu hili?

Mstaafu akakaa sawa, kama yuko nyuma ya meza yake ya zamani.

— Lina mlango wake wa nje?

— Linao.

— Jiko lake?

— Linalo.

— Basi ni nyumba. Tangazo limebandikwa ofisini, nimelisoma mpaka chini. Chumba cha kuongeza hakitozwi. Kikiwa na mlango wake na jiko lake, hiyo ni nyumba, unalipa.

Mama Pacha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hela alikuwa nayo, ila ndiyo hiyohiyo ya bati. Akilipa ada, boma litabaki wazi, na mama mkwe atatolewa nje bila pa kwenda.

— Usiezeke, Dalali akashauri. Bila paa hilo ni boma tu. Sheria haisemi boma.

— Na mama mkwe alale anahesabu nyota?

— Tandaza turubai. Turubai si paa, ni shuka la juu.

— Mimi nasema uizeeshe, Waya akadakia. Choma majani mabichi humo ndani, ukuta ushike moshi. Tundika pazia lililochanika. Wakija, waambie ipo tangu enzi za babu.

— Saruji bado mbichi, wewe!

— Basi andika banda la kuku, akasema Dalali.

— Mama mkwe wangu awe kuku?

— Kwenye karatasi tu, shemeji.

Mstaafu akanyanyua mkono kuwanyamazisha.

— Mnapoteza muda. Lifungie boma magurudumu. Chenye magurudumu si nyumba, ni chombo cha usafiri.

— Watataka leseni ya barabara, akasema Waya.

— Leseni ya nini? Haendi popote. Ameegesha!

Hapo Mama Pacha akacheka, akawajazia vikombe. Lakini uso ulirudi pale pale.

— Kibaya zaidi, shule naitaka. Kitinda wangu anasoma zamu ya jioni kwa sababu darasa ni moja, watoto wanapokezana. Anarudi peke yake giza linaingia, na mimi niko hapa nawamiminia nyinyi. Watoze tu. Ila wangengoja niezeke.

Dalali akageukia barabarani, mtu anakuja.

— Hodi hapo kijiweni.

Alikuwa mama mkwe mwenyewe, ambaye hajawahi kufika kwenye benchi lile. Dalali na Waya wakasimama kwa pamoja.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, kaeni. Mwanangu, gari nimelisikia. Hiyo ada inakujia kwa sababu gani?

— Jiko, mama. Jiko na mlango wa nje.

— Jiko la nani?

— La kwako.

Bibi akamtazama, kisha akawatazama wale watatu, mmoja mmoja.

— Na ni nani kati yenu aliyeniuliza kama nataka kupika peke yangu?

Dalali akachungulia ndani ya kikombe. Waya akajikuna shingo. Mstaafu, mwenye jibu la kila kitu, akakohoa bila kikohozi.

— Ulisema hutaki kutulemea, Mama Pacha akasema taratibu. Siku ile ya msiba, mbele ya watu.

— Nilisema. Mwanangu kaondoka, nikaona haya kubaki nimekung'ang'ania wewe. Kwani kulemea ndiyo kula pamoja?

— Mimi nikadhani hunitaki karibu.

Bibi akaketi benchini, akamshika mkono.

— Basi ziba huo mlango wa nje, toboa wa kuingilia sebuleni, na jiko tutumie lako. Wajengao nyumba walipe, madarasa yapatikane. Mpaka yapatikane, Kitinda nitamfuata mimi shuleni. Miguu yangu bado mizima.

— Si nilisema? Mstaafu akachangamka. Chumba cha kuongeza!

— Ulisema magurudumu, Waya akamkumbusha.

— Niongezee kikombe, shemeji, Mstaafu akakwepa, koo limekauka.

Mama Pacha akainamisha birika, likatoa machicha matupu.

— Imekwisha. Nendeni makwenu. Na wewe Waya, kesho niletee fundi wa kutoboa ukuta.

Jioni hiyo Kitinda aliingia ameshikwa mkono, anasimulia bila kuvuta pumzi, na bibi anaitikia kila neno. Mama Pacha akapakua wali na maharage, akapitisha macho mkekani. Pacha wote wawili, wanasukumana viwiko. Kitinda. Bibi. Wapo wote. Akageuka kurudi jikoni na upawa wake.

— Unakwenda wapi? bibi akauliza. Hujajihesabu. Kaa tule.

Akakaa.