Kasha Lenye Kishikio

Kwenye metro ya Tashkent, treni ya chini ya ardhi, mbele yangu alikaa mwanamume aliyepakata kasha tupu la kompyuta, jipya kutoka sokoni. Mkewe alilibonyeza ubavuni kwa kidole, bati likaingia ndani na kurudi. “Hili si kopo la mafuta, baba Shahzoda?”

“La bei nafuu, ndiyo, lakini kingo hazikati mkono na skrubu zote zimekazwa. Tena ni jepesi, na lina kishikio.”

“Hapo hapo ndipo ninapouliza. Kompyuta ya nyumbani inasafiri kwenda wapi?”

“Umeme ukikatika nitaipeleka kwa dada.”

“Kwani kwa dada yako wanawasha jua? Si tunakatiwa pamoja!” Akapunguza sauti, ingawa si kiasi cha kunizuia mimi nisisikie. “Kaka yako naye alianza na begi la magurudumu. Mwaka wa nne huu yuko Moscow.”

Mume akafuta vumbi ambalo halikuwepo. “Hapa kazi hakuna, mama Shahzoda.”

Treni ikasimama kituo cha Novza. Mke akalinyakua kasha kwa kishikio, akatangulia kushuka. “Njoo basi,” alisema bila kugeuka, “tuone kama litafika hata nyumbani.”